Pindo Lililopanda Kushoto

Alhamisi, 3 Aprili

Sikukuu imekwisha, mvua imeanza, nami nimeanza daftari jipya. La zamani lilijaa vipimo vya watu na matusi yangu. Hili nitajitahidi liwe na vipimo zaidi.

Leo amepanda ngazi zetu Euphrasia, yule mama wa Kichaga anayeuza mabomba na koki Kariakoo. Mdogo wake anaolewa, na sendofu ya kumuaga ni tarehe 3 Mei. Anataka sketi kumi na mbili za sare kwa ajili ya mama, dada na mashangazi, zote solo, yaani duara kamili, satini nzito rangi ya damu ya mzee, kiuno cha lastiki ili kila mmoja aingie. Bosi wangu Hafidhi alimpokea kwa utani mpaka mama wa watu akasahau kubishana bei. Nampenda Hafidhi. Miaka sita iliyopita nilipomkimbia mume wangu nikiwa na begi moja na mkasi, ni yeye aliyenipa meza ya kukatia na kusema, "Sabaha, hapa hakuna atakayekugusa." Hajawahi kunigusa.

Mkewe Shadya ndiye mtu wa umaliziaji: vifungo, pindo, pasi. Ana miaka ishirini na minne na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Ukimtuma uzi anakuletea sindano.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekata nne. Satini hii haina huruma. Kila kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana, na ukikivuta kufuata nyuzi hizo hakikupi kitu. Ukikivuta mshazari, kona kwa kona, kinakuja. Sasa solo ni duara: ukiizunguka unapita kwenye uzi wa urefu, kisha mshazari, kisha uzi wa upana, kisha mshazari tena, hadi urudi ulikoanzia. Pale mshazari ulipo, sehemu nne, sketi inashuka yenyewe kwa uzito wake. Fundi mvivu akikata leo na kupinda leo, baada ya wiki pindo linaota masikio manne.

Mimi natundika siku tatu nzima. Ikishashuka mpaka ikachoka, namvalisha mtu, namsimamisha juu ya meza, nasimika rula ya mbao na kupiga chaki kuzunguka. Hapo ndipo nakata pindo. Mwanasesere wetu wa plastiki alikatika kiuno mwaka jana, kwa hiyo mtu wa kuvaa ni Shadya.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Chini ya dirisha letu wapagazi wawili wamegombania robota la mitumba. Mmoja alimwinua mwenzake na kumbamiza kwenye mkokoteni, damu ikachanganyika na maji ya mtaroni. Mafundi wote tulikuwa dirishani. Mimi nilikuwa nashangilia yule mfupi. Shadya peke yake hakuinuka, alikaa na sindano yake akitazama ukuta. Nikamwambia, "Wewe hata sinema ya bure huitaki?"

Ijumaa, 11 Aprili

Nimesawazisha sketi mbili za kwanza, ya Euphrasia na ya mama yake. Zilishuka sehemu nne kama nilivyotegemea, karibu inchi moja kila sehemu. Nimezinyoosha. Nilimzungusha Shadya juu ya meza na pindo likawa kama limepigwa mstari. Nikijisifu mwenyewe basi nimejisifu.

Alichezacheza miguu mara moja. Nikampiga rula ya paja, akatulia.

Jumamosi, 12 Aprili

Baada ya adhuhuri Hafidhi alimwita Shadya stoo. Stoo yetu imetengwa kwa mbao nyembamba tu, kila kitu kinasikika. Nikasikia kishindo. Kimya kidogo, kishindo tena. Kimya, kishindo cha tatu. Melkiori, fundi wetu wa cherehani mwenye mvi, akanyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

Hafidhi akatoka akijifuta jasho. "Majora yamedondoka," akasema. "Huyu mwanamke kupanga kitu hawezi."

Jora zima la satini lina uzito wa mtoto wa miaka sita. Matatu yakikuangukia utalia. Sikumsikia Shadya akilia.

Jumatatu, 14 Aprili

Shadya hakuja. Homa, kasema Hafidhi. Nimepinda mwenyewe, shingo inaniuma, nina hasira na kila mtu.

Jumanne, 15 Aprili

Karudi. Anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Nikamuuliza, akasema alijikwaa bafuni. Nimemsimamisha mezani na sketi ya tatu.

Kuna kitu hakiendi. Upande wa kushoto umeshuka inchi moja na nusu zaidi ya kulia. Nikasema nimekata uzi ukiwa umepinda. Nikaivua sketi, nikailaza, nikachomoa uzi mmoja wa urefu kuufuata mpaka mwisho. Umenyooka. Nikamvalisha tena: kushoto chini. Nikamwambia, "Simama wima!" Akajinyoosha, midomo imekuwa myeupe, na pindo likapanda kidogo. Nikiinama na chaki linashuka tena. Nikampiga rula. Nikampiga tena. Mwishowe nikaikata ilivyo, sawa na meza.

Jumatano, 16 Aprili

Sketi ya nne na ya tano, zote kushoto chini. Itakuwa jora lenyewe lilifumwa vibaya, au ni unyevu. Nimemtukana mwenye duka la vitambaa kimoyomoyo, kisha nikamtukana Shadya kwa sauti.

Alhamisi, 17 Aprili

Sketi mbili. Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Sketi mbili. Maji yameingia ngazini. Hafidhi kanunulia watu wote chipsi mayai, anacheka, anaimba. Shadya hakula.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nilikuwa mbaya. Niliamka na kichwa, daladala ziligoma kupita kwa ajili ya maji, nimetembea na viatu mkononi. Zilibaki tatu. Shadya akapanda mezani kwa kutumia stuli, polepole kama bibi kizee, na alipofika juu akashika bomba la kutundikia nguo. Nikamwambia aachie. Hakuachia. Nikampiga vidole kwa rula, akaachia, akaegemea kulia mguu wa kushoto ukiwa umening'inia kama si wake.

"Dada Sabaha, nipe dakika moja."

"Dakika ya nini? Umebeba zege?"

Nikampiga goti la kushoto. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, fupi, ya chini. Melkiori akasimamisha cherehani.

"Sabaha," akasema, "muache mke wa mtu."

"Mzee Melkiori, mimi nafanya kazi. Na wewe fanya yako."

Akainamia cherehani lake. Nimemaliza zote tatu. Mshazari hushuka sehemu nne, hilo nalijua tangu nina miaka kumi na saba, na sketi hizi zinashuka upande mmoja. Nililijua nikiwa nimepiga magoti pale na chaki mkononi. Sikutaka kulifikiria.

Jumamosi, 26 Aprili

Ni sikukuu ya Muungano lakini Hafidhi alifungua kwa ajili ya kujaribisha. Wamekuja wanawake kumi na wawili kwa mkupuo, wamejaza chumba kwa marashi na kelele. Euphrasia na mama yake walivaa za kwanza, zikakaa. Zilimwagika kuzunguka miguu na pindo lilikuwa sawa kila upande. Wakapiga vigelegele.

Kisha wakavaa wengine kumi.

Sikuhitaji rula. Zote kumi zimepanda kushoto. Inchi moja na nusu juu, upande uleule, shangazi mnene na msichana mwembamba sawasawa. Walisimama mstari mmoja na lile pindo likawa limepanda kwa wote kama bega la mtu anayenyanyua ndoo.

"We dada, hii ni nini sasa?" Euphrasia akaniuliza. "Mimi nina sendofu Jumamosi ijayo! Ukumbi nimelipia!"

Hafidhi akanigeukia mbele yao. "Umekata uzi ukiwa umepinda. Miaka ishirini ya ufundi na hujui uzi?"

Nikamwendea msichana mmoja, nikapiga magoti, nikashika sketi yake nikaitazama dhidi ya mwanga. Nyuzi zilikuwa zimenyooka. Nikaenda kwenye begi langu, nikatoa daftari hili. Mbili za kwanza nilisawazisha tarehe 11. Kumi zilizobaki kuanzia tarehe 15. Kitambaa jora moja, mkono mmoja, rula moja. Kati ya 11 na 15 kuna ukurasa mmoja wenye vishindo vitatu.

Kitambaa kilikuwa sawa. Nilikisawazisha juu ya mwili uliopinda. Upande wake wa kushoto ulikuwa umezama, mimi nikakata sawa na meza, na ukimvalisha mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake miwili, kushoto kunabaki kufupi. Nilielewa yote kwa mara moja.

"Kitambaa hakina kosa," nikasema. "Aliyevaa ndiye aliyeumizwa. Mwulizeni Hafidhi alimfanya nini mkewe stoo tarehe kumi na mbili."

Hafidhi akacheka, akatazama huku na kule kutafuta wa kucheka naye. Kisha akaenda pembeni alipokuwa Shadya na pasi, akamkamata mkono, akamvuta mpaka katikati.

"Kumbe ni wewe! Hata kusimama hujui? Simama hapa wakuone! Simama!"

Shadya akajaribu. Naapa alijaribu, alisogeza mguu ule wa kushoto kwa mkono wake mwenyewe. Hafidhi akampiga teke la nyonga. Nilisikia kitu kikikatika, na Shadya akaenda chini bila kujikinga, uso ukagonga mguu wa meza, jino likatoka likateleza mpaka kwenye kiatu cha Euphrasia. Hafidhi akainua mguu ampige tena.

Sijui nani alianza. Nadhani ni shangazi mnene, alimshika Hafidhi shingo kwa nyuma. Wakamwangukia wote, wamevaa satini ile nyekundu, wakavua viatu wakampiga navyo, visigino, kichwani, mdomoni, kwenye masikio. Alikuwa akipiga kelele, "Ni mke wangu! Ni mke wangu!" Euphrasia akamjibu, "Na mimi ni mteja wako!" akamtandika na kiti cha plastiki mpaka kikapasuka. Mimi nilikuwa na rula. Nilimpiga kwa ubapa, nikampiga kwa ukingo wa rula, nikampiga vidole alivyofunika navyo uso. Nilikuwa nafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpiga mpaka rula ikavunjika, na nilipoona kipande kimebaki mkononi, chenye tarakimu za inchi na chaki yangu, nikaona ni mti uleule niliompigia Shadya. Nikakitupa.

Melkiori alikuwa ameshapiga magoti kwa Shadya. Alimwekea shati lake chini ya kichwa. "Mwanangu nisamehe," alikuwa akisema, "mwanangu nisamehe." Hakumgusa mguu. Ndiye aliyetafuta bajaji, ndiye aliyembeba ngazi zote kwenye maji.

Jumapili, 27 Aprili

Nyonga ina ufa. Daktari kasema una siku nyingi, si wa jana. Teke la jana limefungua ulioanza kuunga.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimelala kutwa. Mikono inanuka chaki hata baada ya sabuni.

Jumatano, 30 Aprili

Euphrasia kanifuata nyumbani na sketi zote ndani ya mfuko mkubwa wa shangazi kaja. Kazi ni kazi, kasema, na sendofu iko palepale. Nimezisawazisha zote kwa kimo cha upande ule mfupi, na aliyesimama ni yeye mwenyewe, juu ya meza yangu ya chakula. Nilipiga chaki kuzunguka. Alipochoka akasema, "Nimechoka," akashuka, akanywa chai, akapanda tena. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nilikaa chooni nikalia mpaka akanigongea.

Jumamosi, 3 Mei

Wamenitumia picha. Sketi zinacheza vizuri.

Jumanne, 6 Mei

Polisi wanamshikilia Hafidhi tangu siku ile, ila mambo hayaendi. Afande wa dawati la jinsia, mwanamke mtaratibu mwenye miwani, amenieleza. Teke watu wamelishuhudia, na Hafidhi anakubali: hasira, shetani kampitia. Ufa ndio shida. Anasema mkewe aliteleza ngazini siku ya mvua kubwa. Shadya naye kasema hivyohivyo, kwamba alianguka ngazini. Wakibaki na teke moja, kaka wa Hafidhi atamdhamini na kesi itaisha kwa kuombana msamaha. Halafu Hafidhi atamrudisha Shadya nyumbani. Kipigo kinachomsubiri humo ndani kitakuwa mara mbili.

"Kuna mtu anakumbuka tarehe?" afande akauliza. "Siyo kusikia tu. Tarehe, saa, kitu kilichoandikwa."

Nikasema nitafikiria. Nina aibu kuandika kwamba nilisema hivyo.

Jumatano, 7 Mei

Nimeenda wodini. Wamemfunga mguu kwa uzito unaoning'inia kitandani. Mdomo umeanza kupungua uvimbe, pengo linaonekana akiongea. Alikuwa macho.

"Shikamoo, dada Sabaha."

Nikakaa kwenye stuli, nikamwambia, "Shadya, sema kweli. Haikuwa ngazi."

Akatazama mlango kwanza. "Ilikuwa jora," akasema. "Alilishika kwa mikono miwili. Mara tatu. Nilimwambia naomba nikapumzike kwetu Bagamoyo wiki mbili, basi. Hakuna kingine nilichomwambia."

"Kwa nini hukulia?"

"Mlikuwepo nje. Niliona aibu."

Nikaweka uso wangu kwenye shuka lake. Nikamwambia kwamba nilisikia, nikaandika kwenye daftari kama mtu anayeandika hali ya hewa, kisha nikampandisha mezani. Nikamwambia naomba radhi kwa rula. Shadya akasubiri nesi apite na toroli la dawa.

"Ile ya goti," akasema, "niliona giza. Nilidhani nitakuangukia."

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Ningekuambia ungesema mvivu."

Ni kweli ningesema.

Akanyoosha mkono, akanirekebisha mtandio wangu uliokuwa umelegea, kitu cha kawaida kabisa, kama dada kwa dada. "Nikibadilisha maelezo wataniuliza nani mwingine alinipiga. Lakini wewe usiogope. Afande aliniuliza michubuko ya mapaja na vidole imetoka wapi, nikasema ni palepale ngazini. Sijakutaja, dada."

Alhamisi, 8 Mei

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Tarehe 12 imo, saa imo, vishindo vitatu vimo, maneno ya Hafidhi yamo. Tarehe 11 na 15 na tofauti ya inchi moja na nusu imo, na sketi za Euphrasia zingalipo kama mtu akitaka kupima, maana vipande nilivyokata tarehe 30 nimevitunza vyote na namba zake. Afande alitaka kitu kilichoandikwa. Kipo.

Na mimi nimo. Paja, tarehe 11. Mbili, tarehe 15. Vidole na goti, tarehe 22. Nilishika ukurasa wa tarehe 22 nikaukunja kwenye mshono. Karatasi hii inachanika vizuri, hakuna ambaye angejua. Nilikaa nao hivyo mpaka adhana ya alasiri. Niliwaza meza yangu, niliwaza nani atanipa kazi Kariakoo nzima, niliwaza mume wangu wa zamani akisikia habari hizi na kucheka.

Kisha nikawaza Hafidhi naye angefurahi kuchana ukurasa mmoja tu, ule wa tarehe 12.

Zipo siku nilizoandika mstari mmoja. Nimechukua peni nimeongeza pembeni nilichokiacha. Tarehe 16, mara tatu, miguuni. Tarehe 17, mara mbili. Tarehe 19, sikumbuki, zaidi ya moja.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la kituo. Nje mvua imekatika. Melkiori yuko pembeni yangu na koti lake la kanisani, kaja kusema jinsi alivyoongeza sauti ya redio siku ile ya vishindo. Nimemwambia aseme kama ilivyokuwa, na mimi naanza.

Shadya amebadilisha maelezo yake jana jioni. Yamemtaja Hafidhi tu.

Afande ameniita. Ameona daftari mkononi, ameuliza kama kuna ukurasa wowote wa mambo yangu binafsi ambao ningependa kuutoa kabla hajalipokea. Nimemwambia hapana.